Jinsi Taifa Lilivyofaidi Ufagio wa Bi Sikudhani

Nchi yenyewe siitaji. Naipenda, na nina watoto wanne wanaosoma humo. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani kuliko zote, maana kila mwaka inapewa cheti cha amani na serikali yake yenyewe, na kwamba mimi ninayewasimulia nilikuwa karani wa daraja la tatu katika Wizara ya Ubunifu na Mavuno Yake. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu. Hakuna fomu yangu iliyowahi kurudishwa kwa kosa, na hilo nalisema mapema ili mjue habari hii mnaipata kwa mtu makini.

Wizara yetu ilizaliwa siku Mlezi Mkuu, ambaye ndiye kiongozi wetu kwa awamu ya saba ya miaka yake miwili ya mwisho, aliposikia kwamba mataifa makubwa yameendelea kwa sababu ya ubunifu. Akawauliza mawaziri, wetu sisi uko wapi. Mawaziri wakatazama chini ya meza. Baada ya uchunguzi wa kina ikagundulika kwamba wananchi wanao ubunifu mwingi mno, ila wanauficha majumbani na kuutumia wao kwa wao bila kibali. Ikatungwa Sheria ya Ubunifu Wenye Mavuno. Kwa sheria hiyo mtu akibainika kuwa mbunifu hupewa namba, na akishapewa namba hana budi kuwasilisha mavuno kila mwezi. Asiyewasilisha anaitwa mhodhi wa ubunifu, na wahodhi mahali pao panajulikana.

Mwaka wa kwanza tulifanya vizuri. Tulimpata mtani mmoja mashuhuri wa misibani, bingwa wa kulala ndani ya kaburi kabla ya maiti na kudai kodi, mtu aliyeweza kuwachekesha wafiwa mpaka wakakubali kula. Tulimtaka alete utani wa aina arobaini kwa mwezi, uliopigwa chapa, nakala tatu. Akaleta kumi na mbili, na mbili kati ya hizo zilikuwa utani ule ule. Siku hizi ni mlinzi wa ghala, na hata salamu anaitikia kwa taabu. Tulimpata pia mama mmoja aliyekuwa akimtungia mwanawe wimbo mpya wa kulala kila siku. Nyimbo zake zote ziko kabatini kwetu, faili la kijani. Mtoto, nasikia, hajalala vizuri tangu hapo, lakini hiyo ni kazi ya Wizara ya Afya.

*

Sasa nije kwa Bi Sikudhani.

Msafara wa Mlezi Mkuu ulikuwa unapita kijiji cha Mkangaje alfajiri moja, ukasimama ghafla. Kumbukumbu rasmi zinasema Mlezi Mkuu alishuka kukagua mimea. Alikwenda nyuma ya migomba peke yake, akaikagua kwa muda, akatoka upande wa pili huku akifunga mkanda, na hapo akajikuta kwenye uwanja wa nyumba ya udongo. Uwanja ulikuwa umefagiwa punde hivi.

Kufagia uwanja kila mtu anafagia. Mwanamke asiyefagia uwanja kabla ya jua kutoka, wifi zake hawakosi la kusema. Lakini wenzake Bi Sikudhani walifagia ili taka ziondoke, basi. Yeye taka zikishaondoka ndipo alipoanza. Aliinama na ufagio wake wa chelewa, mkono wa kushoto mgongoni, akauacha mkono wa kulia uende ulikotaka. Mara miviringo, mara mistari inayokimbizana, mara kitu kisicho na jina kilichoanzia kwenye kinu na kuishia mlangoni. Hakuwahi kukirudia cha jana. Kufika saa mbili kuku walikuwa wamekwishapita, wachota maji wamekwishapita, na uwanja umerudi kuwa uwanja. Wala hakuwafukuza kuku.

Aliyekuwa akiitazama michoro hiyo ni mumewe, Mzee Lugendo. Huyu alikuwa mkwezi wa minazi, akaanguka, akavunjika mgongo. Mganga wa zahanati alimpa miaka miwili, naye alikuwa katika wa saba. Kitanda chake kiliwekwa kuelekea mlango, na mlango ulielekea uwanja. Kila asubuhi, kufagia kukiisha, Bi Sikudhani alikaa kizingitini na kumuuliza anaona nini. Mzee Lugendo atatazama weee, kisha atasema anaona harusi, na bwana harusi amechelewa. Mkewe atakataa, atasema hao ni nyuki wanahama. Watabishana hapo mpaka uji upoe. Majirani walinieleza kwamba dawa zake Mzee Lugendo alikuwa ameziacha siku nyingi. Kilichomfanya afumbue macho asubuhi kilikuwa kutaka kujua leo kuna nini.

Mlezi Mkuu aliutazama uwanja ule, na hapo wasaidizi na mpigapicha wake wakawa wamemfikia. Akasema, "Mama huyu ni mbunifu." Kisha akaukanyaga katikati, akaenda garini.

Ni maneno manne tu, na nina hakika alikwishayasahau kabla gari halijawashwa. Lakini nchi yetu haina maneno madogo ya Mlezi Mkuu.

*

Siku ya tatu tulifika Mkangaje kwa magari tisa. Aliyetuongoza alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kidedea, mtu mwenye sauti nzuri sana na ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kumshukuru aliyemteua. Alimpongeza Bi Sikudhani kwa niaba ya taifa, akamkabidhi namba yake, mia moja na nne, akamwomba autoe ubunifu wenyewe ili tuondoke nao.

Bi Sikudhani akaonyesha uwanjani. Ilikuwa saa nne. Palikuwa na kuku watatu na alama za miguu ya watu.

Waziri akasema anataka ule aliouona Mlezi Mkuu, si mwingine.

"Ule wa juzi?" akauliza Bi Sikudhani. "Ule umeshapita, baba. Ule ulikuwa wa juzi."

Mheshimiwa Kidedea aligeuka akatutazama, na sote tukatikisa vichwa kwa huzuni, kwa kuwa tulikuwa tumekwishaona wahodhi wengi na wote huanza hivyo hivyo. Nyumba ikapekuliwa. Mzee Lugendo akabingirishwa upande mmoja, chini yake pakaangaliwa, akarudishwa. Vikapatikana mikeka miwili, chungu, na redio isiyo na betri. Ubunifu haukuonekana. Waziri akahoji inawezekanaje mali ya umma, iliyotamkwa na Mlezi Mkuu kwa kinywa chake, ikaachwa ikanyagwe na kuku. Kuku wale watatu wakachukuliwa kama vielelezo, na uchunguzi wao ulikamilika jioni ile ile, kwa wali.

Bi Sikudhani alielezwa kwamba atakwenda mjini wiki mbili tu, kuukumbuka ule mchoro kwa utulivu. Hakupiga kelele. Aliuliza nani atamgeuza mumewe, nasi tukamwagiza jirani. Kisha akanishika mkono mimi, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika karatasi.

"Mwanangu," akasema, "mnirudishe kabla hajachoka kungoja."

Nikamwahidi. Niliandika hata ahadi yenyewe, kwenye sehemu ya Mengineyo.

*

Mjini tulikuwa na Karakana ya Taifa ya Mavuno. Ni banda kubwa la mabati lililokuwa la kuhifadhia mbolea, na harufu bado imo. Tulimmwagia sakafu nzima udongo mwekundu, tukampa fagio kumi na mbili mpya za nailoni. Alizitazama, akaomba za chelewa. Ombi likapelekwa ngazi za juu na likakubaliwa baada ya mwezi.

Ushahidi pekee wa mchoro ulikuwa picha iliyopigwa na mpigapicha wa Ikulu. Mpigapicha wa Ikulu, kama kazi yake inavyodai, alikuwa amempiga Mlezi Mkuu. Uwanja ulionekana kati ya viatu vyake tu, upana wa kiganja kimoja, na humo mna mistari mitatu iliyopinda. Kamati ya wataalamu saba iliikuza picha ile mpaka viatu vikawa vikubwa kuliko mtumbwi. Kila asubuhi Bi Sikudhani alifagia, na kila asubuhi kamati ilishuka na vipimo vyake, ikalinganisha, ikaandika kuwa sio.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika. Kwa hiyo niliiona michoro yake yote. Wiki za kwanza alikuwa akisahau alipo. Alikuwa akiinama, mkono ukaondoka, na alipofika mwisho wa banda akainua kichwa kumtafuta mtu. Hapakuwa na mtu ila mimi.

"Wewe unaona nini?" akaniuliza siku moja.

"Naona sampuli ya kumi na tisa, mama."

Akacheka, masikini, akidhani ni utani. Siku iliyofuata akaniuliza tena, nikamwambia naona ya ishirini. Baada ya hapo aliacha kuuliza. Nawaapia sikuwa na nia mbaya. Kwenye fomu hapakuwa na sehemu ya kuandika mtu anaona nini.

Wiki mbili zilikwenda zikawa miezi mitatu. Jirani wa Mkangaje akatuma barua kwamba Mzee Lugendo anakula kidogo sana. Kila alfajiri anaomba mlango ufunguliwe, anatazama, halafu anaomba ufungwe. Barua hiyo Bi Sikudhani nilimsomea mwenyewe. Akauliza afanyeje ili aruhusiwe kwenda.

Hapa ndipo ninaposhindwa kujitetea, hata mbele yenu msiojuana nami. Nilimpa shauri. Nilimwambia, "Mama, hawa hawaujui huo mchoro. Fagia chochote chenye mistari mitatu iliyopinda, kesho ukirudie hicho hicho, na keshokutwa hicho hicho. Watasema ndio."

"Kukirudia?" akauliza.

"Kukirudia tu, mama. Siku tatu."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ajifunze kutembea kinyumenyume. Lakini alikuwa na mume anayemngoja, basi akainama. Siku ya kwanza mkono ulimpotea mara mbili, ukataka kwenda zake, akaurudisha. Siku ya pili ulimpotea mara moja. Siku ya tatu haukupotea.

*

Kamati ililia. Sizidishi, mjumbe mmoja alilia kwa machozi, akasema ameutambua mchoro ule mara moja ingawa hakuwahi kuuona. Mheshimiwa Kidedea akaitisha mkutano mkubwa, akahutubia saa tatu na nusu. Alisema kuanzia leo nchi yetu haitakuwa tena nchi ya watu wanaofagia ovyo ovyo, kila mtu na lake. Alisema ubunifu umepatikana, na kwa kuwa umepatikana, hakuna sababu ya mtu mwingine yeyote kuendelea kuutafuta. Mchoro ukatangazwa kuwa Mchoro wa Kwanza wa Taifa. Hakuna wa pili uliokuwa umepangwa.

Mistari mitatu iliyopinda na mmoja ulionyooka.

Bi Sikudhani alikwishafunga furushi lake la nguo. Ndipo alipoelezwa kifungu cha tisa: mbunifu aliyethibitishwa huwasilisha mavuno elfu kumi na tano, ndipo huruhusiwa kupumzika. Niliapa kwamba kifungu hicho sikukijua, na ni kweli, kwa sababu kiliandikwa jioni ya mkutano.

Basi akawa anafagia michoro themanini kwa siku. Mingine ilikuwa ya kufundishia wakaguzi, maana sasa kila uwanja nchini ulitakiwa ufagiwe vile, na wakaguzi walipita kwa baiskeli alfajiri wakiwa na kamba ya kupimia. Bibi mmoja kule milimani alikutwa amepindisha ule mstari ulionyooka. Alijitetea kwamba alikuwa anakwepa siafu, akapewa miezi mitatu, na siafu wakamwagiwa mafuta. Mingine ilifagiwa ndani ya masanduku ya mchanga na kupelekwa kwenye balozi zetu ng'ambo. Masanduku yalitikisika njiani, mabalozi wakafungua wakakuta mchanga mtupu, na wote wakaandika barua za shukrani wakisifu uzuri wake.

Ile miezi ya mwanzo ya kazi hii nilikuwa nikimwona akifumba macho anapofagia. Nilidhani amechoka. Siku moja nikatambua kwamba hahitaji kuyafumbua.

Mavuno elfu kumi na tano yalikamilika siku ya Jumanne, na hakukosea hata mchoro mmoja. Tulimpa cheti, kanga mbili zenye sura ya Waziri, na gari la kumrudisha. Mimi nikaagizwa nimsindikize pamoja na fomu ya mwisho, Tamko la Kutokuwa na Masalio. Katika tamko hilo mbunifu anathibitisha kwamba ubunifu wote aliokuwa nao ameukabidhi kwa taifa, na kwamba hakuna uliobaki nyumbani kwake.

*

Mkangaje tulifika alasiri. Uwanja ulikuwa umepigwa saruji. Katikati, mistari mitatu iliyopinda na mmoja ulionyooka ilikuwa imechongwa kwa kina cha kidole, ikapakwa rangi nyeupe, na kuzungushiwa mnyororo. Kibao kilisema ni marufuku kukanyaga. Mlango wa mbele, kwa agizo, ulikuwa wazi mchana kutwa ili mgonjwa anufaike na mandhari. Watu wa nyumba walipita nyuma, kwenye tundu lililobomolewa karibu na jiko.

Mzee Lugendo alikuwa amekwisha. Sina neno jingine. Palikuwa na shuka, na chini ya shuka palikuwa na kitu kidogo chenye macho. Lakini macho yale yalipomwona mkewe yakawa makubwa.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, mzee wangu."

"Hili la mbele usilijali. Nimelitazama miezi sita, halina kitu." Akapumzika kidogo. "Kesho tutaona."

Nikamtolea Bi Sikudhani fomu yangu. Aliipokea kwa heshima, nikamweleza maana yake, akanirudishia. Akasema nisubiri kwanza afagie. Nami nikasubiri, nikalala kwa jirani, ingawa nilikuwa nimepewa ruhusa ya siku moja tu. Nadhani hilo ndilo kosa pekee la kiutumishi nililowahi kufanya.

Alfajiri majirani wanne walikigeuza kitanda kikaelekea lile tundu la nyuma. Kati ya jiko na choo palikuwa na kipande cha ardhi ambacho saruji haikukifikia, kiasi cha mikeka minne. Bi Sikudhani alikuwa amekwishaondoa majivu na maganda ya muhogo. Mzee Lugendo aliomba ainuliwe, akawekewa mto mgongoni. Alikuwa amenyolewa. Sijui aliamka saa ngapi kuomba anyolewe.

Bi Sikudhani akainama, mkono wa kushoto mgongoni, akauacha wa kulia uende.

Ukaenda. Mstari wa kwanza ukapinda, wa pili ukapinda, wa tatu ukapinda. Kisha ukanyoosha mmoja.

Alisimama akautazama. Akafuta kwa mguu, akaanza upande wa pili, kwenye jiko, polepole, kama anayemvizia kuku. Mistari mitatu iliyopinda, na mmoja ulionyooka. Akafuta. Akahamishia ufagio mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kufagia maishani. Ulikuwa mzito, ulichimbua udongo. Nilijikuta nauombea, mimi karani wa daraja la tatu, nimesimama karibu na choo cha watu nikiuombea mkono wa kushoto wa mwanamke mzima upotee njia. Haukupotea. Miezi yote ile ulikuwa umelala mgongoni huku mwenzake akifagia, na ulikuwa umejifunza.

Hakufuta tena. Akaja akakaa kizingitini, mgongo kwa kitanda.

"Unaona nini, mzee wangu?"

Mzee Lugendo alitazama muda mrefu sana. Alijitahidi, niliona anavyojitahidi, akikaza macho kutoka kona hii mpaka kona ile. Majirani nao walinyoosha shingo. Hata mimi nilianza kutafuta, pengine ule mstari ulionyooka unaweza kuwa njia, au mto, au chochote kile ambacho ningeweza kumnong'oneza.

"Naona uwanja umefagiwa," akasema. Alisema kwa upole, bila kulaumu, vile mtu anavyomshukuru mgeni aliyemsaidia kazi.

Kisha akaomba alazwe, ageuzwe kuelekea ukutani.

Niliona aibu, na nilitamani kuondoka pale kabla mtu hajanitazama. Lakini Bi Sikudhani aliinuka, akauegemeza ufagio kwenye ukuta wa jiko, akafuta mikono kwenye kanga yake yenye sura ya Waziri, akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa. Akaniuliza kama ile karatasi bado ninayo.

Nilikuwa nayo. Nikamwonyesha pa kutia sahihi.